Cherehani si kinga

Wiki iliyopita, kwenye kikao cha wadau hapa Bagamoyo, mheshimiwa mmoja alisimama akasema: "Kinamama hawa wapeni mitaji, mtaona kama watakwenda tena na wanaume." Ukumbi ukapiga makofi. Mimi sikupiga. Nimefuatilia vikundi vya kinamama kuanzia Dunda mpaka Mlingotini, na kauli hiyo, kwamba mtaji unamkinga mwanamke na VVU, nimeisikia mwaka huu mara ya nne. Imetupotezea fedha, na wapo wanawake imewaumiza.

VVU haviwafuati mafukara peke yao. Utafiti wa kitaifa wa 2003-04 ulikuta maambukizi yakiwa mengi zaidi kwa wanawake wenye nacho kuliko kwa wale wa chini kabisa. Ule wa 2022-23 umekuta asilimia 5.6 kwa wanawake wa miaka 15 na kuendelea, na asilimia 3.0 kwa wanaume. Kwa hiyo usiniulize mwanamke ana shilingi ngapi. Niulize anamtegemea nani, kwa jambo gani, na siku gani.

Nenda pwani alfajiri, vyombo vya uvuvi vinapoingia. Mchuuzi mwenye fedha taslimu anasimama mnadani, anapandisha bei, anachukua ndoo yake na kwenda kukaanga. Asiye nayo anachukua kwa mali kauli: samaki sasa, fedha jioni. Anayekubali kumpa ni mwenye chombo au nahodha, na jioni samaki wakiwa wamedoda, deni linatafutiwa njia nyingine ya kulipwa. Hatari imekaa hapo, kati ya alfajiri na jioni. Ukimpa mwanamke huyu cherehani kama mtaji, kesho yake bado ataamkia pwani, kwa sababu mtaani kwake mafundi cherehani wameshajaa na yeye anajua samaki.

Haya, tumpe mtaji wa samaki basi. Msimu wa upepo wa kaskazi, mtaji huo unamtosha. Kusi likivuma, vyombo haviendi, samaki wachache wanaopatikana bei inaruka, na ule mtaji unaliwa nyumbani, kama ambavyo wangu au wako ungeliwa. Sisi tunaandika kwenye ripoti "mnufaika hakuzingatia mafunzo". Sentensi hiyo nimeshaikata kwenye ripoti za wenzangu mara nyingi, na nitaendelea kuikata.

Ninalotaka lieleweke kuliko yote ni hili: mkopo, ruzuku na akiba ni vitu vitatu. Kwenye vikao vyote vinaitwa "uwezeshaji". Ruzuku ikiliwa imeliwa, hakuna anayekuja kugonga mlango. Mkopo una marejesho, na marejesho yana siku. Nimekaa na dada aliyekopa kwa hawa tunaowaita kausha damu, wakopeshaji wa riba kali. Alhamisi, siku ya marejesho, ilipokaribia alimpigia simu mwanaume aliyekuwa ameachana naye mwaka mzima. Alikuwa ameshafundishwa kondomu, dawa kinga ya VVU anaijua, kituo cha kupimia kiko karibu na kwao. Kilichompeleka ni Alhamisi. Zimbabwe walijaribu kuwakopesha mabinti yatima wapatao 50, uchumi wa nchi ukiwa unaporomoka. Wengi walishindwa kurejesha, na wapo waliosafiri kutafuta bidhaa wakakutana na hatari ambazo nyumbani hawakuwa nazo. Waliposhika awamu ya pili, mikopo waliiacha. Ukimpa mikopo ya marejesho ya kila wiki mwanamke ambaye kipato chake kinafuata upepo, umemwongezea siku ya kuogopa. Sijui niliseme mara ngapi.

Kiasi nacho kina maana. Kilombero na Ulanga, mwaka 2009 na 2010, vijana wapatao 2,400 walipimwa magonjwa ya zinaa kila baada ya miezi minne, na aliyekutwa salama akapewa fedha. Baada ya mwaka, kundi la shilingi 20,000 lilikuwa na maambukizi machache kuliko wasiopewa kitu. Kundi la shilingi 10,000 halikuonyesha tofauti. Na yale yalikuwa magonjwa yanayotibika, si VVU, jambo ambalo wanaounukuu utafiti ule hulisahau.

Kwenye VVU vyenyewe ushahidi unayumba, na sitaki kuuficha. Zomba, Malawi, mabinti wa shule waliopewa fedha walikutwa na maambukizi ya asilimia 1.2, na wasiopewa asilimia 3.0. Ila waliokuwa wameshaacha shule kabla ya mradi, fedha haikuwaletea tofauti hiyo. Afrika Kusini walitoa fedha kwa sharti la kuhudhuria shule, VVU havikupungua. Karibu mabinti wote, wa pande zote mbili, walikuwa shuleni tayari. Limpopo, huko huko Afrika Kusini, mikopo iliyoambatana na mafunzo ya jinsia ilipunguza ukatili wa wenza kwa zaidi ya nusu, lakini maambukizi mapya hayakutikisika. Mimi ningeuendesha mradi wa Limpopo hata kesho, kwa ajili ya kipigo peke yake. Nisingemwahidi mfadhili kwamba unazuia VVU.

Na tuache kuita mafunzo siku za bamvua! Wakulima wa mwani wa Mlingotini bamvua ndiyo kazi yao. Maji yakitoka sana ndipo wanapofunga na kuvuna. Waiteni siku za maji mafu, yasipotoka sana.

Kikundi kimoja huko kina mfuko wa jamii, ule usio na riba, kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Fedha zilikaa kwenye sanduku la kufuli tatu, funguo kwa wanawake watatu, nyumba tatu. Mwezi wa nne mtoto wa mwanachama alishikwa na degedege usiku. Mwenye ufunguo wa pili alikuwa amelala ugenini, na mama akaenda kwa mwenye chombo kuomba nauli ya bodaboda. Tulipokaa kikao hakusema alipewa kwa sharti gani, na hakuna aliyemuuliza. Wenyewe, bila sisi, wakaamua shilingi 40,000 zitolewe sandukuni, ziwekwe kwenye simu ya mhasibu, na mhasibu simu haizimi usiku. Tangu hapo amegongewa mara sita.

Kwenye fomu yetu ya ripoti hakuna mahali pa kuandika hizo mara sita. Nimeziandika pembeni kwa kalamu.