Pesa Iko Ukutani: Dhana Potofu Kuhusu Kusaidia Biashara Ndogo

Kwa fundi cherehani mmoja ninayemfahamu kuna bomba la chuma lililopita ukuta mzima, limejaa nguo zilizokwisha kushonwa. Kila nguo imebanwa kikaratasi kwa pini: jina la mteja, tarehe ya kuja kuchukua na kiasi kilichobaki. Siku moja nilizihesabu nikiwa nasubiri zamu yangu. Zilikuwa 19, na zaidi ya nusu tarehe zake zilikuwa zimepita zamani. Nikamwambia kazi naona inamwendea vizuri. Alinyanyua macho kutoka kwenye mashine akasema, "Kazi ipo. Pesa ndiyo iko hapo ukutani."

Nguo zile zilikuwa na vitambaa vya ndani, vifungo, uzi, umeme na siku zake nyingi za kuinama. Vyote alikwisha kuvilipia. Mwisho wa mwezi mwenye nyumba hataki kusikia habari za nguo zilizotundikwa; anataka kodi yake. Ndiyo maana nimekuja kuamini kwamba mengi tunayoambiana kuhusu kusaidia biashara ndogo nyakati zikiwa ngumu yana kasoro moja: tunahesabu wateja, wakati kinachoamua ni lini pesa inaingia mkononi.

"Ikifungwa, ujue haikuwa na wateja, au mwenyewe hajui biashara"

Wapo wasiojua biashara, sikatai. Lakini biashara inaweza kuwa na wateja na faida kwenye daftari na bado ikafungwa, kwa sababu siku ya kulipa ilifika kabla ya pesa. Mwaka 2016 taasisi ya utafiti ya benki ya JPMorgan Chase ilichunguza akaunti za biashara ndogo karibu 600,000 nchini Marekani. Ikaonekana kwamba nusu yake hazikuwa na akiba ya kuziendesha zaidi ya siku 27 endapo mapato yangekatika ghafla. Kwa migahawa, kiwango hicho cha katikati kilikuwa siku 16 tu.

Siku hizo zilikuja kupimwa kweli mwaka 2020. Korona ilipofunga miji, watafiti waliwahoji wenye biashara ndogo zaidi ya 5,800 nchini humo mwishoni mwa Machi na mwanzoni mwa Aprili. Asilimia 43 walikuwa wamekwisha kufunga kwa muda. Hawakuwa wamesahau biashara kwa usiku mmoja. Mapato yalisimama, matumizi hayakusimama.

Na hiyo ni nchi yenye benki kila kona. Anayeendesha biashara kwa mapato ya leo kununulia bidhaa za kesho hana hata siku hizo 27. Wiki moja ya mauguzi nyumbani inatosha kumlia mtaji.

"Mimi mwenyewe nimebanwa, sina cha kumsaidia"

Hii ndiyo dhana inayoniuma kuliko zote, kwa kuwa wanaoisema mara nyingi ni watu wenye moyo mzuri kabisa. Wanadhani kusaidia ni kununua zaidi ya wanavyohitaji. Sivyo. Msaada wa kwanza ni kulipa unachodaiwa.

Fungua daftari la madeni la duka lolote dogo utaona mambo yalivyo. Madeni makubwa ni machache. Kinachojaza kurasa ni vijideni vidogo vidogo vya watu wanaopita mbele ya mlango kila siku na kusalimia, na kila mmoja anaona chake hakiwezi kuangusha duka. Mwenye duka anaona haya kudai, kwa sababu akidai sana atampoteza mteja na jirani kwa pamoja. Huku nyuma naye amechukua mali kauli kwa muuzaji wa jumla, na yule haoni haya. Anapiga simu, anapiga tena, na siku akichoka anakataa kutoa mzigo. Hapo ndipo rafu zinapoanza kuwa tupu, na duka lenye rafu tupu wateja wake wa fedha taslimu wanahama wa kwanza.

Basi kama hali ni mbaya, lipa hata nusu. Hata robo. Kama huwezi kabisa, nenda ukamwambie utalipa lini, na tarehe hiyo uishike. Anayejua kwamba pesa inaingia Ijumaa anaweza kuzungumza na muuzaji wa jumla. Anayekwepwa na mdaiwa wake barabarani hana cha kumwambia mtu. Waliosema kukopa harusi, kulipa matanga walimjua vizuri mkopaji. Mimi naomba tumfikirie pia aliyekopesha, ambaye matanga yanamkuta yeye.

Zile nguo za ukutani nazo ni deni, hata kama hatuliiti hivyo. Uliagiza, ameshona, kafuate.

Na tusiwaache nje wakubwa. Ofisi, shule, nyumba za ibada na kamati za shughuli nao ni wateja, na mara nyingi ndio walipaji wa kuchelewa kupita wote: "hundi bado haijasainiwa", "mweka hazina amesafiri". Umoja wa Ulaya uliliona tatizo hili kuwa zito kiasi cha kulitungia agizo mwaka 2011: taasisi za umma zilipe kwa kawaida ndani ya siku 30, na zikichelewa zidaiwe riba. Ukiwa mjumbe wa kamati yoyote, una nafasi ya kuuliza mkutanoni kwa nini aliyeleta viti mwezi uliopita hajalipwa. Kuuliza hakugharimu chochote.

"Kuomba punguzo ni kawaida, hakumwumizi mtu"

Tupige hesabu. Chukua bidhaa ambayo mwenye duka ameinunua kwa 80 na anaiuza 100. Katika ile 20 inayobaki kuna kodi, umeme, usafiri, msaidizi, na kinachoharibika kabla ya kuuzwa. Mteja akipunguziwa asilimia 10, anajiona amechukua sehemu ndogo tu. Kwa kweli amechukua nusu ya kile kilichobaki. Ili arudishe pato lile lile, mwenye duka itambidi auze mara mbili, na kipindi chenyewe ndicho wateja wamepungua.

Sisemi usipatane bei pale ambapo bei imewekwa ili ipatanwe. Kinachonisikitisha ni mtu anayebana kwa fundi viatu kisha analipa bei ya kwenye kibandiko, bila neno, katika duka kubwa.

"Kununua kwa jirani ni kumhurumia, bora ninunue kokote penye unafuu"

Unafuu ni jambo la haki, na mwenye kipato kidogo asilaumiwe kwa kuutafuta. Ila neno huruma silikubali. Benki ya Dunia inakadiria kwamba biashara ndogo na za kati ni kama asilimia 90 ya biashara zote duniani, na zinabeba zaidi ya nusu ya ajira. Kitu chenye uzito huo si cha kutupiwa sadaka.

Kisha kuna suala la pesa inaelekea wapi baada ya kutoka mfukoni mwako. Mwaka 2002, katika mji wa Austin, Texas, kampuni ya utafiti ya Civic Economics ililinganisha maduka ya wenyeji ya vitabu na muziki na duka la kampuni yenye matawi mengi. Katika kila dola 100 za mauzo, duka la kampuni liliacha dola 13 zikizunguka mjini. Maduka ya wenyeji yaliacha 45. Tofauti ilitoka kwenye mishahara, faida iliyobaki kwa mwenye duka, na huduma kama uhasibu na matangazo zilizonunuliwa hapo hapo.

Tusiichukue namba hiyo na kuibandika kila mahali. Ni mji mmoja, ni vitabu na muziki. Jirani anayeuza vitu vilivyotoka mbali na kukodi jengo la mtu wa mbali ataacha kidogo kuliko hicho. Seremala anayenunua mbao karibu na kumlipa kijana wa karibu ataacha kingi zaidi. Kwa hiyo nikiwa na kidogo cha kutumia, huanza na huduma: kushona, kukarabati, kusuka, kufundisha. Huko sehemu kubwa ya bei ni kazi ya mikono ya mtu.

"Nikiagiza kwa simu ni sawa tu na kwenda mwenyewe"

Kwako ni sawa. Kwake inategemea umepitia wapi. Programu za kupeleka oda za migahawa zimekuwa zikikata kamisheni inayoweza kufika asilimia 30. Mwaka 2020 miji kama San Francisco na New York ililazimika kuweka ukomo wa asilimia 15 kwa ada ya kupeleka, kwa sababu migahawa iliyofungiwa milango ilikuwa haina njia nyingine ya kuwafikia wateja. Rudi kwenye hesabu ya 20 hapo juu uone 30 inatoka wapi. Kama unayo namba ya simu ya mwenye biashara, mpigie moja kwa moja. Baadhi wana mtu wao wa kupeleka na hawajui tu namna ya kulitangaza hilo.

"Kumlipa mapema ni kama kumchangia"

Ni msaada mzuri, na huenda ndio unaolenga kidonda chenyewe: pesa inaingia leo. Lakini ni mkopo. Kadi ya zawadi (unailipia leo, unachukua bidhaa baadaye), kianzio cha kazi, malipo ya mwezi mzima ya darasa, vyote vinamfanya awe na deni kwako la bidhaa au huduma. Wateja 50 wakilipa mapema mwezi wa shida, kisha wote 50 wakaja kudai wiki ya kwanza mambo yakitulia, atakuwa anafanya kazi bila kuingiza kitu, huku uzi na umeme vikitaka fedha mpya. Nimeona mtu akichoka kabisa katika wiki ya namna hiyo, na nje watu wakisema biashara yake imefufuka.

Ukilipa mapema, chukua kidogo kidogo. Tumia nusu ya kadi, nusu nyingine lipa taslimu. Na ujue hatari unayoichukua: biashara ikifilisika, katika nchi nyingi mwenye kadi husimama mwisho wa foleni ya wadai, na mara nyingi haambulii kitu. Lipa kiasi ambacho kikipotea hutamchukia.

"Apewe mkopo tu, atainuka"

Mkopo unamfaa mwenye mauzo aliyekosa mtaji. Aliyekosa mauzo unamwongezea siku nyingine ya kulipa katika mwezi uleule uliomshinda. Kabla hujamshauri jirani yako akakope, muulize kwa upole atarejesha kutoka wapi.

Hata fedha zinapokuwepo, kuzifikia ni kazi. Machi 2020 serikali ya Marekani ilitenga dola bilioni 349 za mikopo ya biashara ndogo ambayo ingeweza kusamehewa. Dirisha lilifunguliwa tarehe 3 Aprili. Kufikia tarehe 16 fungu lote lilikuwa limekwisha. Waliotangulia wengi walikuwa ni wale waliokwisha kuwa na uhusiano na benki, makaratasi yao yako tayari. Waliobaki nyuma si kwamba shida yao ilikuwa ndogo. Hapa ndipo mtu asiye na pesa lakini anayejua kujaza fomu, kupanga risiti au kutengeneza hesabu za mwezi anaweza kumfanyia jirani yake kubwa kuliko manunuzi ya mwaka mzima. Jioni mbili zinatosha kuanzia.

"Tuna siku maalumu ya kuwaunga mkono"

Zipo. Marekani ina Jumamosi ya biashara ndogo tangu 2010, na Umoja wa Mataifa ulitenga Juni 27. Ni nzuri kwa kukumbushana. Ila kodi haisubiri Juni. Mteja anayekuja kila wiki na kununua kidogo anamwezesha mwenye duka kujua aagize mzigo kiasi gani. Anayekuja kwa kishindo mara moja kwa mwaka anamwachia foleni ya siku moja na bidhaa asizojua atazifanyia nini siku ya pili.

"Kuunga mkono ni kuvumilia kazi mbovu"

Hapana. Kazi ikiwa mbovu, sema. Mwambie yeye kwanza, uso kwa uso, umpe nafasi ya kurekebisha, kabla hujaiandika mtandaoni ambako itabaki miaka. Na kazi ikiwa nzuri, hapo ndipo uandike, na umweleze pia mtu mmoja anayehitaji kazi hiyo hasa.

"Ikifungwa, nyingine itafunguliwa pale pale"

Inawezekana. Mlango hauchelewi kupata mpangaji. Lakini yule fundi ana daftari jingine, tofauti na la madeni, lenye vipimo vya watu. Humo kuna bega la fulani lililoshuka upande mmoja tangu alipoanguka, ambalo hulishonea pedi bila kuambiwa. Kuna mama ambaye vipimo vyake vimeandikwa mara tatu kwa kalamu tatu, kabla ya ugonjwa, wakati wa ugonjwa na baada yake. Daftari hilo halimo kwenye mkataba wa pango, na mpangaji mpya hatakabidhiwa.

Wiki iliyopita nilipita tena. Nguo ukutani zilikuwa 14.