Mafuta na vitamini hutumia mwenza mmoja kuwasha jeni

Watu huniuliza, "Vitamini hii inafanya kazi gani mwilini?" Huwa najibu kwa tahadhari, kwa sababu ndani ya kiini cha seli ni nadra vitamini kufanya kazi peke yake.

Chukua vitamini A. Mwili huigeuza kuwa asidi ya retinoiki, ambayo hushikwa na protini iitwayo RAR. Vitamini D hupitia ini, kisha figo, ikawa kalsitrioli na kushikwa na protini nyingine, VDR. Asidi za mafuta nazo zina vipokezi vyao, yaani protini za kuzishika, ziitwazo PPAR. Ungedhani kila kirutubisho kina njia yake. Lakini vipokezi hivi vyote huishika DNA vikiwa wawili wawili, na mwenza wao ni yuleyule: protini iitwayo RXR.

Hapa ndipo panaponivutia kuliko pote. Jozi hizi husoma neno lilelile la herufi sita za DNA, AGGTCA, lililoandikwa mara mbili. Kinachozitofautisha hasa ni nafasi iliyo katikati. Ikiwa ni herufi 1, PPAR na RXR hupata pa kukaa. Zikiwa 3, hapo ni pa VDR na RXR. Zikiwa 5, ni pa RAR na RXR. Herufi mbili tu zinatenganisha anwani ya mafuta na anwani ya vitamini D!

Tabia za jozi pia hazifanani. PPAR na RXR huamka, yaani huanza kuwasha jeni, upande wowote ukipata kinachoushika, na pande zote mbili zikipata, jeni husomwa kwa nguvu zaidi. VDR ni tofauti: bila kalsitrioli, kumwamsha RXR peke yake kwa kawaida hakutoshi.

Na huyo RXR anaamshwa na nini? Kwa miaka mingi jibu lilikuwa aina moja ya asidi ya retinoiki. Mwaka 2000 watafiti waliochunguza ubongo wa panya walionyesha kwamba DHA, asidi ya mafuta ya omega-3, inamwamsha pia. Kwa hiyo mafuta yanaweza kugusa pande zote mbili za jozi moja. (Tena vitamini A na D huhitaji mafuta ili zifyonzwe vizuri utumboni, kwa hiyo ushirika wao huanza mapema.)

Ndiyo maana nikipewa utafiti wa vitamini A, kabla ya kutazama matokeo ninafungua jedwali la chakula walichopewa wanyama na kutafuta mstari wa mafuta: aina gani, na kiasi gani.