Hamira si mfereji

Swali ni lile lile tena: "Si mtie tu jeni za mmea ndani ya hamira, muimiminie sukari, dawa ya malaria itoke? Na hapa Malindi tembo la mnazi tunalo, hamira ya bure!" Naandika mara moja hii, atakayeuliza tena atumiwe kiungo.

Tuanze na hilo tembo. Mgema akiteremka asubuhi na kitoma chake, utomvu una sukari kama asilimia 12 hadi 15 na povu limeshaanza. Jioni ni kali. Liache wazi siku kadhaa, una siki. Hamira haikuagizwa na mtu kutengeneza pombe. Inaitengeneza kwa sababu ndivyo inavyopata nishati upesi na kuwatilia sumu majirani. Kila gramu 180 za glukosi hutoa, zikienda zote, gramu 92 za ethanoli. Zilizobaki ndizo lile povu. Sasa wewe unakuja na jeni chache za Artemisia annua, mmea wa dawa ya malaria, unataka iache shughuli zake ifanye zako.

Hesabu kwanza, maana wauliza swali hawapigi hesabu. Amofadieni, hatua ya kwanza ya kuelekea artemisinini, yaani dawa yenyewe, ina kaboni 15. Kwa njia ya mevaloneti, mfululizo wa hatua ambao hamira inao tayari, inajengwa kwa vipande 9 vidogo viitwavyo asetili-KoA, navyo vinatoka kwenye glukosi 4 na nusu. Kwa uzito: gramu 810 za sukari kwa gramu 204 za amofadieni. Karibu kilo 4 kwa kilo 1, na hapo hakuna seli iliyokula wala kukua. Ongeza ATP, sarafu ya nishati ya seli. Ndani ya hamira, kila asetili-KoA inayotengenezwa nje ya mitokondria (vyumba vya kupumulia vya seli) hugharimu sawa na ATP 2, jumla 18. Mevaloneti inadai 9 nyingine. Glikolisisi, yaani kuzivunja hizo glukosi 4 na nusu, inaleta 9 tu. Deni la 18 linalipwa kwa kupumua, yaani hewa nyingi na sukari ya ziada ya kuchoma. Mtungi uliofunikwa hautoi dawa, unatoa tembo.

Hata hewa ikiwepo, sukari ikizidi hamira inarudia pombe. Kwa hiyo glukosi hudondoshwa pole pole, joto likiwa 30, pH ikishikiliwa karibu na 5. Na kila moli ya oksijeni inayotumika inatoa kilojuli 460 hivi za joto. Tangi kubwa huku pwani, ambako maji ya bomba yenyewe yana vuguvugu, linataka mtambo wa kupoza. Bili ya stima hiyo haimo kwenye swali la "si mtie tu".

Sasa linaloniudhi zaidi: "weka promota yenye nguvu kuliko zote." Promota ni swichi ya jeni, inayoamua ifanye kazi kwa kiasi gani. Kwa nini iwe ya nguvu? Chukua FPP, molekuli inayotangulia amofadieni, ndiyo njia panda. Kimeng'enya (protini inayoendesha mmenyuko) cha ERG9 kinaivuta iende kwenye ergosteroli, mafuta ya utando wa seli, na bila ergosteroli hamira inakufa, kwa hiyo ERG9 haifutwi. Inakazwa, ikabaki inadondosha matone tu. Mwanzo ilikazwa kwa promota ya MET3, inayozimwa na methionini. Baadaye ikahamishiwa CTR3, inayozimwa na shaba, kwa kuwa mrututu ni rahisi kuliko methionini. Naam, mrututu ule ule wa buluu.

Mbele kidogo kuna kimeng'enya cha mmea, CYP71AV1, kinachoanza kugeuza amofadieni kuwa asidi ya artemisini, malighafi ya dawa. Kinahitaji mwenzake, CPR1, wa kukipelekea elektroni. Mwenye haraka atasema CPR1 iwe tele. Ikiwa tele, elektroni zinavuja zikaangukia oksijeni, zinazaa sumu, seli zinadhoofika. Tiba ilikuwa kuipunguza CPR1, kuongeza sitokromu b5, protini nyingine ya kupeleka elektroni, kisha kuleta vimeng'enya viwili zaidi vya mmea, ADH1 na ALDH1, ili alidehidi, hatua ya kati kabla ya asidi, isilundikane. Kundi la Jay Keasling huko Berkeley lilikuwa na miligramu 100 za asidi hiyo kwa lita mwaka 2006. Kufikia 2013 zilikuwa gramu 25 kwa lita. Mara 250, na sehemu ya ushindi huo ilikuja kwa kupunguza. Hata hivyo hiyo ni asidi. Artemisinini yenyewe inamaliziwa kwa kemia ya mwanga. Tena bei ya artemisinini ya shambani iliposhuka, uzalishaji wa kiwandani ukasimama.

Vitabu huchora mishale iliyonyooka. Ukweli ni kwamba tunajenga aina kadhaa za seli, nyingi hazitofautiani, na iliyoshinda si tuliyoitabiri. Sababu yake mara nyingi tunaitunga baadaye, wakati wa kuandika ripoti. Kwa nini mpangilio ule ule ufanye vizuri kwenye chupa na kuzorota tangini? Oksijeni, labda. Mchanganyo, labda. Mimi nina dhana tu.

Na wezi, yaani seli zinazokula sukari bila kuzalisha. Kutoka mililita 1 ya mbegu (hamira ya kuanzishia) hadi lita 100,000, kwa msongamano ule ule, ni vizazi 27 hivi. Tuseme seli inayozalisha inagawanyika kila saa 2 na nusu, na iliyopoteza plasmidi yake (kiduara cha DNA kilichobeba jeni tulizotia) kila saa 2, kwa kuwa haibebi mzigo. Wakianza wezi 1 kwa 1,000, mwishoni watakaribia 1 kwa 10. Ndiyo maana jeni huingizwa kwenye kromosomu, na njia nzima huzimwa mpaka seli zimalize kukua. Kabla ya kuhamishia tangi kubwa, panda makoloni 100 na upime kila moja peke yake. Ukikuta 10 yasiyozaa kitu, mwaga mbegu hiyo, rudi kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, toa kichupa kingine.