Jumba la Uchawi Lisilo na Masharti Halina Hadithi

"Lakini si jumba la kichawi? Lolote linawezekana!" Kwa sisi tunaohariri hadithi za mapenzi na maajabu za vijana, jibu hili sasa limetukaa masikioni. Unamuuliza mwandishi imekuwaje ukuta umefunguka ghafla sura ya sita, msichana akatoka darini na kumkuta mpenzi wake bustanini, naye anakujibu hivyo bila wasiwasi wowote. Linaniudhi, kwa sababu wengi wanaoharibu miswada yao namna hii wana kipaji cha kweli.

Lolote likiwezekana, hakuna cha kuogopa, na pasipo cha kuogopa mapenzi hayana cha kushinda. Msomaji wetu analijua hili tangu utotoni. Mganga wa hadithi za bibi hatoi dawa bila masharti: usigeuke nyuma, usiifungue njiani, usimwambie mtu. Jumba lako nalo litoe masharti yake, tena mapema, msomaji ayajue kabla hayajahitajika.

Turudi kwenye muswada uleule. Tuseme kila mlango wa jumba hilo humnyang'anya anayeufungua kumbukumbu moja, na msomaji ameambiwa hivyo tangu sura ya pili. Msichana ameshafungua mitatu. Sauti ya mama yake haikumbuki tena. Sasa kijana yuko nyuma ya mlango wa nne, anaita, na msichana ameshika kitasa huku akijua kwamba safari hii anaweza kupoteza kumbukumbu ya huyohuyo anayemfuata. Uchawi ni uleule, ila sasa una bei, na msomaji hataweka kitabu chini hadi ajue kama msichana atailipa.

Waliotutangulia walilijua hili. Gabrielle-Suzanne de Villeneuve wa Ufaransa alichapisha hadithi ya Mrembo na Mnyama mwaka 1740, na jumba lake alilijaza fahari ya kila namna: kasuku wanaozungumza, kima wanaomhudumia msichana kama malkia, madirisha yanayoonyesha michezo ya kuigiza. Lakini kila usiku Mnyama humuuliza msichana swali moja, kama atamkubali, hukataliwa, akaaga akaenda zake. Kasuku na kima wote wale hawawezi kumpatia jibu analolitaka. Msichana anapoomba kwenda kwao, anapewa ruhusa ya miezi miwili, na kuchelewa kwake ni hatari kwa uhai wa Mnyama. Jumba linaweza yote, isipokuwa lile moja ambalo mwenye jumba analihitaji.

Kwa hiyo ninamwomba kila mwandishi anayenijia atafute karatasi moja kabla ya kuandika sura ya kwanza. Aandike: jumba linataka nini, linatoza nini, haliwezi nini. Hilo la tatu ndilo kubwa. Na ukifika mwisho ukakuta jumba limefanya ulichoandika kuwa halikiwezi, futa sura, usifute karatasi.

Wapo wanaodhani majumba ya namna hii ni mambo ya Wazungu, kwa hiyo wanaanza na theluji na mishumaa ya dhahabu. Basi wasome Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotoka 1952. Adili anaingia katika mji ambao watu wake wamegeuka mawe, akamkuta msichana Mwelekevu peke yake akiwa hai. Na ndugu zake waliogeuzwa manyani inambidi awachape usiku baada ya usiku, ingawa anawapenda. Hayo ni masharti, na yanaumiza.

Dhana nyingine siivumilii hata kidogo: kwamba kijana akimfungia msichana ndani, huo ni ushahidi wa mapenzi makali. Hapana. Wasomaji wako wengine wana miaka kumi na minne. Kama lazima msichana azuiliwe, azuiliwe na jumba, na kijana awe anayehangaika kumtafutia ufunguo. Halafu mlango ufunguke kweli, msichana aone barabara ya kwao, ndipo achague kubaki au kuondoka.

Mwisho ni dhana hii ya kusema novela, yaani hadithi iliyo fupi kuliko riwaya, ni riwaya ndefu iliyokatwa. Tuzo za Nebula za Marekani, zinazotolewa kwa hadithi za sayansi na maajabu, huihesabu novela kuanzia maneno 17,500 hadi chini ya 40,000, na nafasi hiyo inatosha jumba moja, wapendanao wawili na siri moja. Mjomba mwenye deni, vita vya mji jirani, shangazi aliyepotea baharini, hao wasubiri kitabu kingine. Jeanne-Marie Leprince de Beaumont, mwalimu wa wasichana aliyekuwa akiishi London, aliifupisha hadithi ya Villeneuve mwaka 1756. Alitupa historia ndefu ya nasaba za kifalme na magomvi ya wanawake wenye nguvu za uchawi. Akabakisha jumba, swali la kila usiku na ruhusa ya kwenda nyumbani, ambayo aliipunguza kutoka miezi miwili hadi wiki moja.