Konokono wa kichocho: tazama gamba kabla ya kumhukumu

Ukikung'uta gugu maji la ufukwe wa Kisumu juu ya beseni jeupe, wanadondoka konokono wa kila namna. Wengi hawana hatia. Wanaokuza vimelea vya kichocho vinavyowapata watu huku kwetu ni jenasi mbili tu, Biomphalaria na Bulinus. Kabla ya kuwagusa vaa buti na glavu ndefu za mpira, uwaokote kwa kibano, maana kimelea hupenya ngozi kwa dakika chache.

Anza na kifuniko. Mwenye kibamba kigumu cha kuzibia mlango wa gamba anapojificha, mtoe. Hapo umeondoa Melanoides, yule mwembamba mwenye ncha ndefu, ambaye watu humponda bure.

Waliobaki, tenga waliolala bapa kama kamba iliyokunjwa mezani. Biomphalaria, wa kichocho cha tumbo, yumo humo. Tahadhari: wapo jamaa zake bapa ambao hata wakikomaa ni wa milimita chache, na huchanganywa na watoto wake.

Wenye gamba lililochongoka juu ndio huwakosesha wengi. Simamisha gamba, ncha juu, mlango ukuelekee. Mlango ukiwa kushoto, huenda ni Bulinus, wa kichocho cha mkojo. Ukiwa kulia, huenda ni Lymnaea, anayeeneza minyoo ya ini ya ng'ombe. Ukilishika ncha chini, mlango huhama upande, na jibu lote linageuka.

Kumjua jina si kujua kama ana vimelea. Asubuhi, weka kila mmoja peke yake katika glasi yenye maji kidogo ya mvua (klorini ya bomba huharibu kazi), penye mwanga lakini si juani, kwani maji yakipata moto atakufa. Baada ya saa moja hadi nne, tazama kwa lenzi dhidi ya karatasi nyeusi: vidoa vyeupe vinavyoogelea, mkia umegawanyika kama panda ya manati. Hata hivyo vimelea vya ndege na mifugo navyo vina mkia huo, kwa hiyo maabara ndiyo yenye neno la mwisho. Asipotoa kitu, usimtangaze safi. Aliyeambukizwa huchukua takriban wiki nne kabla ya kuanza kuvitoa.

Wa kupelekwa maabara atiwe katika alkoholi, si formalini, ambayo huharibu DNA. Lebo iwe ndani ya chupa, kwa penseli. Wino wa kalamu huyeyuka.