Mwaka mzima na darasa moja: yale ambayo majuma machache ya mazoezi ya kufundisha hayaonyeshi

Katika miaka ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM), ulioanza kutekelezwa mwaka 2002, mafunzo ya walimu wa shule za msingi nchini Tanzania yalipangwa tofauti na ilivyozoeleka: mwanachuo alisoma chuoni mwaka wa kwanza, kisha akaenda shuleni kufundisha mwaka wa pili wote huku akisimamiwa. Hali ilidai haraka. Ada ya shule za msingi ilikuwa imefutwa mwaka 2001, na idadi ya wanafunzi ilipanda kutoka takriban milioni 4.4 mwaka 2000 hadi karibu milioni 8 mwaka 2006. Mimi nilipitia utaratibu huo. Leo ni mkufunzi wa Hisabati, na kila ninapozungukia walimu tarajali walio katika mazoezi ya kufundisha, naona kwamba mwaka ule, pamoja na upungufu wake wote, ulinipa jambo ambalo majuma machache hayawezi kulitoa: nilikutana tena na masomo yangu mwenyewe baada ya miezi kadhaa, nikaona kilichobaki vichwani mwa watoto.

Nichukue mfano wa sehemu, yaani namba kama 1/2 na 1/3, mada niliyoifundisha darasa la tano katika muhula wa kwanza. Wanafunzi walijifunza kutafuta kigawe kidogo cha shirika (namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa namba zote za chini za sehemu), wakazifanya asili, yaani hizo namba za chini, zilingane, wakajumlisha, na madaftari yakajaa alama za vema. Mwalimu tarajali wa majuma manane angeondoka hapo akiwa na picha ya mafanikio, na asingekuwa na namna ya kujua zaidi. Baada ya likizo ya Juni tulipofika kwenye asilimia, ambako ujuzi uleule unahitajika, wanafunzi wengi waliandika kwamba 1/2 + 1/3 ni 2/5. Ni rahisi kusema kwamba walikuwa wamesahau, lakini jibu lile lilikuwa na mantiki yake: kwa mtoto, sehemu ilikuwa bado ni namba mbili zilizokaa moja juu ya nyingine, kwa hiyo alijumlisha za juu peke yake na za chini peke yake. Kanuni ya kulinganisha asili ilikuwa imewekwa juu ya fikra hiyo bila kuiondoa, na kanuni ilipofifia, fikra ya awali ikajitokeza ikiwa salama kabisa.

Kurudia kanuni kwa sauti kubwa zaidi hakusaidii katika hali kama hiyo. Kilichosaidia ni swali moja: je, 2/5 ni kubwa au ndogo kuliko nusu? Watoto walikunja vipande vya karatasi vyenye urefu sawa, wakalinganisha, wakaona kwamba 2/5 haifiki nusu. Hapo mwanafunzi anajikuta amechukua nusu, akaongeza kitu, akapata pungufu ya nusu, na hakuna anayekubali jambo hilo likae hivyo. Majadiliano yaliyofuata yalichukua kipindi chote cha dakika 40, na naamini yalifanya kazi ambayo mazoezi ya ubaoni yasingeifanya kwa wiki nzima.

Tangu hapo nimekuwa na msimamo kuhusu andalio la somo, yaani mpango wa kipindi ambao mwalimu huuandika kabla ya kufundisha, na walimu tarajali wangu wanaujua. Safu ya kazi za mwalimu huwa wanaijaza kwa ufasaha, lakini ile ya kazi za wanafunzi hubeba maneno yaleyale kila siku: kusikiliza, kujibu maswali, kufanya zoezi. Mimi nawataka waandike humo makosa wanayoyatarajia. Anayekwenda kufundisha kutoa kwa kukopa aandike kabla kwamba wapo watakaosema 52 − 28 ni 36, kwa sababu mtoto hutoa tarakimu ndogo kutoka kubwa bila kujali iliyo juu, na kwamba katika 402 − 178 sifuri ya katikati itawakwamisha hata wale waliokwisha kuzoea kukopa. Mwalimu aliyeliandika kosa mapema hulitambua akiwa bado anapita kati ya madawati, naye hutayarisha vijiti vya makumi na mamoja kwa ajili ya kosa hilo hasa, si kwa ajili ya kupamba meza siku ya ukaguzi.

Vivyo hivyo kwa maoni ya chini kabisa ya andalio. Sentensi kwamba somo limeeleweka vizuri haina faida kwa mtu yeyote. Darasa langu lilikuwa na wanafunzi zaidi ya 90, na mwalimu mzoefu aliyepangiwa kuniongoza alinifundisha kutosubiri rundo lote la madaftari: kila kipindi nisahihishe papo hapo ya safu moja ya madawati, safu tofauti kila siku, nimuombe mtoto mmoja au wawili waeleze kwa mdomo walivyofikia jibu, kisha niandike kosa lililojirudia na idadi ya waliolifanya. Madaftari yote yalisahihishwa baadaye, lakini somo la kesho lilianza na kile kilichoonekana leo.

Mwalimu yule alikuwa na desturi nyingine ambayo ningependa kila shule inayopokea walimu tarajali iige. Alizungumza nami zaidi kabla ya kipindi kuliko baada yake, na kwa kila wiki alichagua jambo moja tu la kuangalia, mathalani muda ninaousubiri baada ya kuuliza swali, au ni upande gani wa darasa ninaouelekea zaidi. Orodha ndefu ya mapungufu humwacha kijana hana pa kuanzia.

Kuhusu nidhamu nina machache ya kusema, kwa kuwa sehemu kubwa yake hutulia mwalimu anapojua majina ya watoto na kazi inapowatosha. Mahudhurio ni suala zito zaidi. Msimu wa kilimo huwapunguza wanafunzi, na azimio la kazi, yaani mpango wa mada za muhula au mwaka, lisiloacha nafasi ya marudio linawafukuza kimyakimya waliokosa.

Kwa vile muda wa mazoezi haurefuki kwa matakwa yangu, nawaelekeza walimu tarajali wauvute kwa njia zilizopo. Siku ya kwanza wamuombe mwalimu wa somo madaftari ya muhula uliopita, wasome makosa yaliyomo kabla ya kuandaa chochote. Katika wiki ya mwisho watoe maswali machache ya mada waliyoifundisha wiki ya kwanza, bila kutangaza wala kurudia, kisha walinganishe majibu na yale ya mwanzo. Nami ninapofika kuwapima, hukaa kwanza nyuma ya darasa na madaftari ya wiki tatu zilizopita, na mjadala wetu baada ya kipindi huanzia humo.