Taa yako binafsi kwenye mashindano ya pinboli: ikae wapi, iwake kiasi gani

Tangu nianze kuamua mashindano madogo ya pinboli hapa Portland, Oregon, hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote: je, mchezaji anaruhusiwa kuja na taa yake? Mara nyingi, ndiyo. Mimi ruhusa hainisumbui. Kinachonisumbua ni kwamba wengi huja na taa isiyofaa, wakaiweka mahali pasipofaa, halafu wakacheza vibaya kuliko walivyokuwa wakicheza gizani.

Kwa ambaye hajawahi kuigusa mashine hii: ni kama meza iliyoinamishwa kidogo kuelekea kwako, kwa kawaida nyuzi 6.5, na juu yake kuna kioo. Chini ya kioo mpira wa chuma wenye kipenyo cha milimita 27 na uzito wa gramu 80 hivi unakimbia, nawe unaurudisha juu kwa mikono miwili midogo inayoitwa flipa. Ubaoni kuna vijidirisha vya plastiki vyenye rangi, na kila kimoja kina taa chini yake. Kikiwaka kinakwambia: piga hapa, sasa hivi. Kwa hiyo macho yana kazi mbili kwa wakati mmoja. Yaufuate mpira, na yasome vijidirisha. Taa yoyote unayoongeza husaidia kazi moja na inaweza kuiharibu ile nyingine.

Giza lenyewe linatoka wapi? Baa zenye mashine hizi hupenda mwanga hafifu, hilo halina siri. Lakini nikiwa fundi naona sababu nyingine inayosahauliwa. Mashine za zamani huangaza ubao kwa glopu ndogo za volti 6.3. Namba 44 hula miliampea 250, namba 47 hula 150. Zinaingia kwenye soketi ileile, na wenye mashine wengi huweka 47 kwa sababu haina joto kali, ingawa mwanga wake ni mdogo zaidi. Umeme wote wa taa hizo hupita kwenye viunganishi vya plastiki ambavyo baada ya miaka mingi hubadilika rangi kuwa kahawia, kisha vikaungua. Nusu ya ubao inazimika, na mwenye baa anasema mashine "ndivyo ilivyo". Sivyo ilivyo. Mwandaaji akibadilisha viunganishi na glopu siku mbili kabla ya mashindano, nusu ya tochi zinazoletwa hazitahitajika. Hili nalisema kwa hasira kidogo, maana kazi yenyewe ni ya jioni moja.

Tuje kwenye kanuni. Mashindano mengi hufuata kanuni za pamoja za IFPA, chama cha kimataifa cha pinboli, na PAPA, chama kingine cha wachezaji wa pinboli. Kwa ujumla zinamruhusu mchezaji vitu vya kumsaidia, mfano vipokea sauti vya masikioni, glavu au bendeji ya kifundo cha mkono, ilimradi visiwaathiri wachezaji wengine wala mashine. Taa nayo tunaipima hivyohivyo. Neno la mwisho ni la msimamizi wa mashindano, kwa hiyo muulize kabla ya mpira wa kwanza, usingoje hadi mpinzani wako alalamike. Na glopu ikiungua katikati ya mchezo, kwa kawaida hiyo ni hitilafu ndogo: mchezo unaendelea, hurudishiwi mpira.

Sasa mahali pa kuiweka, ambapo ndipo penye utamu. Kioo cha mashine ni kioo cha kujitazamia pia. Mwanga ukikipiga wima, asilimia 8 hivi hurudi. Ukikipiga kwa mlazo, karibu sambamba nacho, nusu yake au zaidi huruka na haufiki ubaoni kabisa. Ndiyo maana ile taa ya kubana inayofungwa kwenye chuma cha mbele, karibu na vifungo vya flipa, ikaelekezwa juu ya kioo, ni hasara tupu. Mwanga unateleza juu ya kioo, unaenda kumpiga machoni mtu aliyesimama upande wa pili, na ubao wako unabaki na giza lake.

Taa iliyowekwa juu ya kichwa cha mashine, kule kwenye ubao wa alama, ina tatizo jingine. Ukiwa umesimama mbele, kioo kinakuonyesha kilichoko upande ule. Kwa hiyo utaiona taa hiyo kama jicho jeupe katikati ya uwanja, mahali hasa mpira unapopita. Kama umewahi kuudhiwa na taa ya dari iliyo nyuma ya mashine, ni jambo lilelile.

Inabaki taa ya mwilini. Tochi ya kichwani inakufanya ufanane na mwanaapolo, mchimba tanzanaiti wa Mirerani, lakini kwa upande wa fizikia ni nzuri ajabu. Mwanga unatoka karibu na macho yako, hivyo vivuli vinajificha nyuma ya vitu na huvioni. Mwako wake kwenye kioo unauona mahali pamoja tu, chini kabisa karibu na flipa, tena unapoinama juu ya mashine. Rudi nyuma nusu hatua, nao unashuka hadi kwenye ukingo usio na kazi. Ubaya wake ni kwamba kichwa kinageuka. Ukimtazama mwenzako aongeaye nawe, umemmulika. Kwa sababu hiyo mimi napendelea taa ya shingoni, ile yenye mikono miwili inayopindika ambayo watu huitumia kusomea au kufumia. Inaangaza mbele ya kifua chako, na ukigeuza kichwa haiendi nawe.

Kiasi cha mwanga: kidogo kuliko unavyodhani. Chukua mashine ya The Addams Family ya mwaka 1992, ambayo zilitengenezwa zaidi ya 20,000 na bado utaikuta kwenye mashindano mengi. Humo kuna sumaku chini ya ubao zinazouyumbisha mpira, kwa hiyo unataka kuuona mpira vizuri. Lakini pia unahitaji kujua kama taa ya kiti cha umeme inawaka, kwa sababu bila hiyo kuupeleka mpira kitini hakukupi chumba kipya cha jumba, na vyumba hivyo ndivyo unavyokusanya katika mchezo huo. Mulika kwa nguvu, na kijidirisha kilichowaka na kilichozimika vitafanana. Anza na kiwango cha chini kabisa cha taa yako, kisha jiulize kama unaweza kutofautisha vijidirisha vilivyowaka bila kukodoa macho. Ukianza kusita, umezidisha. Rangi nayo ni muhimu. Mwanga wa manjano, kelvini 2700 hivi, unapatana na glopu za zamani. Ule mweupe wa kibuluu unaivamia kila rangi.

Kuna kasoro moja ambayo dukani huioni. Taa nyingi za LED za bei nafuu hupunguza mwanga kwa kuwaka na kuzima haraka sana. Tuseme zinafanya hivyo mara 200 kwa sekunde, na mpira unakimbia mita 2 kwa sekunde: kati ya mwako mmoja na mwingine mpira umesogea sentimita nzima. Badala ya mstari laini unaona mlolongo wa nukta za kung'aa, na jicho linakosea kukadiria lini upige. Jaribio lake ni rahisi. Ingia chumba chenye giza, washa taa kwenye kiwango cha chini, kisha punga kalamu ya chuma mbele yake kushoto kulia. Ukiona ukungu mmoja ulioshikana, taa ni nzima. Ukiona kalamu nyingi zimepangana kama fito, irudishe. Kwa bahati mbaya kasoro hii hutokea zaidi kwenye kiwango cha chini, ndicho hichohicho unachokihitaji.

Tochi za zamani za glopu au halojeni siziruhusu kwenye mashine za miaka ya 1990. Humo kuna swichi nyingi zinazofanya kazi kwa mwali wa infraredi, na glopu ya aina hiyo hutoa infraredi kwa wingi. Ikipenya hadi kwenye kihisi inaweza kukichanganya. LED nyeupe haina shida hiyo. Sumaku pia sizitaki popote karibu na kioo, na chochote kinachobandikwa kwenye mashine lazima kitoke zamu yako inapoisha. Wanne mnacheza mashine moja. Haiwezekani mmoja apate uwanja wenye mwanga na wengine wakute taa iliyoachwa imeelekea wasikotaka.

Majirani ndio huleta kesi. Mashine hupangwa bega kwa bega, na kuna jioni mchezaji mmoja aliniita akilalamika kwamba kila jirani yake anapofurahia mpigo, kichwa kinarushwa nyuma na tochi inapita kwenye kioo chake. Nilisimama pale tangu mpira mmoja ulipoanza hadi ukaisha, nikaona mwenyewe: kama radi, mara tatu. Niliamua tochi ishushwe shingoni, ikifungwa na ukanda wake uleule, na mchezo ukaendelea bila mtu kuadhibiwa. Aliyeivaa alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, na hapo nilikuwa upande wake kabisa kuhusu haki ya kuwa na taa. Katika umri huo mwanga unaofika ndani ya jicho ni kama theluthi ya ule anaoupata kijana wa miaka ishirini. Anayemwambia mzee acheze gizani kwa sababu "wote tunacheza hivi" hajui kwamba hawachezi hivyo wote.

Mashindano yakirushwa mtandaoni, zima taa kwenye mashine yenye kamera juu yake. Waandaaji huwa wameweka taa zao, na yako itaonekana kama doa jeupe kwa kila anayetazama. Chaji betri usiku uliotangulia, maana mechi haisimami kwa sababu taa yako imezimika.